Damu Haina Adabu

Maalim hakuwahi kunipiga. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikiwaambia wenzangu wa Nairobi kwamba nilisoma duksi hapa Garissa, wananitazama mgongoni kana kwamba wanatafuta makovu. Bakora alikuwa nayo, ndiyo, lakini ile ilikuwa ya mbuzi. Sisi alitugongea ubao. Ukikosea aya, alichomoa mswaki wake wa mti mdomoni, akagonga mara moja ukingoni mwa ubao wako, akaurudisha mswaki mahali pake na kutazama mlangoni kama anayesubiri mgeni. Hakukwambia umekosea wapi. "Itafute mwenyewe," alisema. "Imo humo." Basi ungebaki hapo unatokwa jasho, unarudi nyuma aya kadhaa ili upate mbio za kuruka, unafika palepale na kukwama tena. Yeye wala hana haraka. Ningependa kusema kwamba nilimshukuru siku zile, lakini nilimchukia, na ubao wangu ulinuka mswaki mwaka mzima.

Duksi yenyewe ilikuwa ua wa miti iliyosimamishwa, juu mabati na turubai, nyuma ya msikiti wa bulla yetu, yaani mtaa wetu. Hapo watoto walihifadhi msahafu kwa kichwa, kipande kwa kipande. Wino tuliutengeneza wenyewe kwa makaa na maziwa, tukaandika aya za siku kwenye ubao, na ukishaziweka kichwani unaosha ubao na kuandika nyingine. Tulisoma sote kwa pamoja, kila mmoja sura yake, kwa sauti ya juu kabisa. Mgeni aliyepita nje angedhani kuna ugomvi wa soko la ng'ombe. Katikati ya kelele hiyo Maalim alikaa juu ya ngozi yake, macho nusu yamefumba, na ghafla mkono ulinyooka kwa mtoto wa safu ya nyuma ambaye alidhani amejificha. Sijui alisikiaje. Mpaka leo mashine za maabara ninamofanya kazi zinanishangaza kidogo kuliko masikio ya mzee yule.

Hakumwita mtu jina alilopewa na wazazi wake. Kwetu Wasomali huo si utovu wa heshima, kila mtu ana jina la utani na mengine yanamfuata mpaka kaburini, lakini Maalim alikuwa fundi wa kazi hiyo. Mtoto mwenye mguu mfupi, aliyejikwaa, aliyekuja na shati la kaka yake, wote walipewa la kwao kabla ya kukaa chini. Mimi aliniita Afdheer, yaani mdomo mrefu, kwa sababu siku yangu ya kwanza nilimuuliza kwa nini mbuzi anaruhusiwa kuingia duksi na viatu haviruhusiwi. Mama yangu alijaribu kulipinga jina hilo. Leo mwenyewe ananiita hivyo.

Na huyo mbuzi alikuwa hadithi nzima. Maalim aliwachukia mbuzi waziwazi. Alisema ngamia ana akili, ng'ombe ana haya, kondoo ana bahati, lakini mbuzi ana tumbo tu. Hata hivyo palikuwa na jike moja jeupe lililomfuata kila mahali, likalala kwenye kona ya ngozi yake, likatafuna karatasi zote zilizoingia pale, na kila alipoliinulia bakora mkono ulishuka polepole ukaishia kulikuna shingo. Tulipocheka alitugongea ubao sote, hata ambao hawakuwa wamekosea.

Alikuwa na vitu vingi vya namna hiyo. Alitukataza kutafuna peremende, na mfuko wa kanzu yake ulilia kwa makaratasi ya peremende. Alisema mpira unapoteza wakati wa waja, lakini redio yake ndogo ya betri ilikuwa sikioni kila Jumamosi alasiri, na Jumapili wavulana walijua timu ipi imefungwa kwa kuutazama uso wake tu. Alipaka ndevu hina, akadai ni kwa ajili ya baridi, hapa Garissa, mahali ambapo chuma cha mlango kinakuunguza mkono saa tatu asubuhi. Miaka aliyofundisha kwenye kambi za wafugaji pande za Rhamu na Banissa, mbao zikifungwa juu ya ngamia kila kambi ilipohama, aliwahi kumfukuza fisi kwa kelele na kiatu. Lakini sindano aliiogopa kama mtoto. Walipokuja watu wa chanjo alitupanga mstari vizuri, akatuhubiria ushujaa, kisha tukamwona amejibanza nyuma ya tangi la maji mpaka gari lilipoondoka.

Na simu. Alinunuliwa simu na mwanawe, mfanyabiashara anayepeleka bidhaa Mandera, na hakuhifadhi hata namba moja ndani yake. Alizipiga zote kutoka kichwani, tarakimu kwa tarakimu, za wazazi wa watoto, za wachinjaji, za jamaa walioko kambi za Dadaab wanaobadilisha laini kila mara. Nilipomwonyesha jinsi ya kuziandika humo alinitazama kwa huruma. "Kwa hiyo ikianguka majini," aliniuliza, "na mimi nimeanguka?"

Nisipoieleza subac, yaliyokuja baadaye hayataeleweka. Kila Alhamisi baada ya alasiri wanaume waliohifadhi msahafu walikaa duara msikitini wakausoma kwa zamu. Huyu anasoma aya moja, wa kushoto kwake anapokea inayofuata, inaenda hivyo inazunguka, haraka, bila msahafu kufunguliwa. Sisi wasichana tulisikiliza nyuma ya ukuta. Katika duara hilo kulikuwa na wazee ambao kumbukumbu ilikuwa imeanza kuwahama, na zamu ilipowafikia, kabla hawajakwama, sauti ya Maalim iliwatangulia kwa neno moja au mawili, chini kabisa, mzee akalidaka na kuendelea kana kwamba lilikuwa lake. Hakuna aliyeachwa akatafuta. Sisi watoto alituacha tukasota, lakini mzee wa watu hakumwacha hata kwa pumzi moja. Niliwahi kumuuliza, mdomo wangu huo. Akasema mtoto anatafuta ili apate, mzee anatafutishwa ili aaibike, na hayo si mambo mamoja. Duara lote lilijifunza kwake. Likawa na adabu mno.

Nilisoma, nikaenda chuo, nikarudi kuwa mtaalamu wa maabara hospitalini. Maalim alichukulia kazi yangu kama dosari ndogo inayoweza kusamehewa. Akinikuta mtaani bila koti alizungumza nami Kisomali na kuuliza kama nimedurusu. Akinikuta na koti jeupe alihamia Kiswahili mara moja, Kiswahili chake cha ofisini ambamo p hugeuka b, kwa sababu, alisema, mtu akivaa koti jeupe huyo ni serikali.

Kisha akateleza bombani akichukua udhu, akavunjika nyonga.

Wakati huo kulikuwa na utafiti hospitalini. Daktari mmoja kutoka bara, mwanamke mpole mwenye kuandika kila kitu, alikuwa akifuatilia wazee wanaofanyiwa upasuaji mkubwa. Mimi kazi yangu ilikuwa damu. Ndiyo maana nilimweleza Maalim mwenyewe, kitandani, mguu umefungwa uzito, wanawe wamesimama ukutani. Nilimwambia wazee wengine wakilazwa usingizi wa dawa na kupasuliwa, mwili unapona lakini akili hairudi yote. Wengine inachafuka siku chache, wengine miezi, wengine ndiyo basi. Hakuna anayeweza kusema mapema nani atakuwa yupi. Sasa seli za neva za ubongo zikiumia zinamwaga vipande vidogo mno, baadhi vinaingia kwenye damu, na wataalamu wanataka kujua kama vipande hivyo vinaweza kutoa habari kabla ya sisi kuona kwa macho. Tutachukua damu kabla ya kisu, baada ya kisu, na tena baada ya miezi.

Akafikiri. "Kama mbuzi akibita kwa miiba," alisema kwa kile Kiswahili cha koti jeupe. "Yeye hujamuona. Lakini manyoya iko kwa miiba. Si ndio?"

Nikamwambia ndiyo hasa, na daktari akacheka akaandika.

Wanawe hawakucheka. Mkubwa, yule wa Mandera, alisema damu ya baba yake haipelekwi Nairobi kwenye boksi la barafu kama maziwa ya ngamia, na nani anajua watu wa huko wanaifanyia nini. Nilikuwa na majibu yote, karatasi za ruhusa, kamati za maadili, nikaanza kuyamwaga. Maalim alinizima kwa mkono. Alimgeukia mwanawe, akasema kwa Kisomali, bila kupandisha sauti:

"Watu wangu wana adabu sana. Nikipotea hamtaniambia. Damu haina adabu. Acha ichukuliwe."

Sikumwelewa vizuri siku hiyo. Nilidhani anatania.

Maswali ya daktari, ya kupima akili kabla ya kisu, yalikuwa burudani ya wodi nzima. Alimwita Mzee, akaambiwa mzee ni yule wa kitanda cha pili, huyu ni Maalim. Alimtaka ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Maalim akataja ngamia jike mwenye maziwa, ngamia jike asiye na maziwa, dume la kubebea mizigo, dume la mbegu, ndama anayenyonya, ndama aliyeachishwa, kila mmoja kwa neno lake la Kisomali, akaendelea hivyo mpaka dakika ikaisha bado yuko zizini. Daktari akatazama mwongozo wake, akasema kwa masikitiko kwamba wote hao ni mnyama mmoja. Maalim alinigeukia. Kisha akaniuliza mimi kama mama huyu amewahi kuona ngamia.

Halafu akaambiwa achore saa, inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Akachukua kalamu, akachora saa tano, yaani saa zenyewe, maduara matano yamepangwa, kila moja na mishale yake: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, kama zilivyo kwenye ubao wa msikiti wetu. Pembeni, padogo, akachora ya sita kwa ajili ya daktari. Nambari zote mahali pake. Daktari aliigeuza karatasi huku na huku, hakuwa na pa kuipimia. Mimi nilitaka kuiomba niitundike maabara.

Sindano ilipofika alisoma kwa sauti macho yakiwa darini, na nilipomaliza aliuliza kama nimeanza. Aliuliza pia matokeo yatatoka lini. Hapo ikabidi nimwambie ukweli: majibu ya mtu mmoja mmoja hayarudi, bado ni utafiti, damu za wote zinatazamwa pamoja.

"Kwa hiyo unachukua nyama," alisema, "na hata harufu ya mchuzi hunibi?"

Upasuaji ulikwenda vizuri. Yeye hakurudi vizuri. Siku za kwanza alikuwa Banissa, sehemu fulani ya zamani, akiwaamuru watu wafunge mbao juu ya ngamia kwa sababu mvua inakuja. Aliwagongea manesi reli ya kitanda kwa mswaki. Alinitazama usoni mimi, Afdheer wake, akaniita kwa heshima kubwa dada yangu, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nililia chooni. Kazi yangu inanipa bomba la damu, hainipi kinga.

Baadaye ukungu huo uliondoka, akatujua sote, na familia ikasema alhamdulillahi, Maalim amerudi. Walichinja. Siku ya maswali ya pili chumba kilijaa: wanawe, wajukuu, wazee wawili wa duara la Alhamisi. Daktari akauliza leo ni siku gani. "Jumatano," akanong'ona mtu karibu na dirisha, na Maalim akasema Jumatano. Akamwambia akumbuke maneno matano. Akataja mawili, na kabla pengo halijafunguka mzee wa duara alikohoa la tatu. Daktari aliwaomba watoke. Walitoka kwa heshima na kusimama mlangoni, na kutoka mlangoni wakaendelea. Wala hawakuwa wakidanganya. Hakuna hata mmoja wao aliyedhani anafanya kosa. Walikuwa wakimfanyia alichowafundisha: mwenzio zamu ikimfikia, mtangulie kwa neno.

Akaambiwa achore saa. Mwanawe mkubwa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akamshika baba yake bega, na mkono wenye saa ulikuwa mbele ya macho. Maalim aliitazama, akachora duara moja. Nambari zote ndani, mishale miwili, safi. Daktari akafurahi. Safari hii alikuwa na pa kuipimia, akampa alama zote, akaandika kwamba mgonjwa amefanya vizuri kuliko kabla ya upasuaji.

Mimi nilikuwa nimeshika bomba la damu yake na niliitazama karatasi ile. Mtu aliyechora siku nzima ya Mungu sasa amechora saa moja ya mkononi.

Nilimweleza daktari jioni ileile. Alisikiliza vizuri, si mtu wa kiburi, akaandika maelezo pembeni ya alama, akasema maswali ya mwisho yataulizwa wakiwa wawili tu. Nilimweleza na mwana mkubwa. Huyo alinikasirikia. "Unataka watu wa bulla waseme Maalim amechanganyikiwa?" aliniuliza. "Wewe aliyekufundisha kusoma?"

Alirudi duksi na magongo yake. Mbuzi mweupe alikuwa amekufa zamani, mjukuu wake wa kibuzi alichukua kona ileile. Nilipita mara kwa mara kutoka kazini nikasimama nje ya ua. Kelele ilikuwa ileile, ndevu zilikuwa na hina mpya, na mkono ulinyooka na mswaki kama zamani, isipokuwa sasa sikuweza kujua unapogonga kama kweli kuna aliyekosea. Nilimwona siku moja akimpa mwanawe simu, amwandikie namba ndani. Nilitamani nisingeliona.

Miezi ikapita, ikafika siku ya damu ya mwisho. Daktari alikuwa amekwenda Wajir kwa wagonjwa wengine, angekuja na maswali yake wiki ijayo. Nilikwenda nyumbani kwa Maalim peke yangu, asubuhi, na kisanduku cha barafu. Nilimkuta kitandani uani, kitanda cha mbao na kamba, chini ya kivuli cha mabati. Wanawe walikuwa wananikaribisha chai, akawaambia watoke. Wakasema watakaa pembeni tu. Akawaambia watoke nje ya lango, na wafunge.

Nilikuwa nimevaa koti jeupe, lakini siku hiyo hakuzungumza Kiswahili cha serikali.

"Afdheer," alisema, "juzi mtoto alinisomea sura nzima. Nikamwambia mashaallah, nenda ukaoshe ubao. Kisha nikatoka kwenda haja, nikamsikia Maalim Mdogo nyuma ya ua, yule kijana anayenisaidia. Alikuwa na mtoto yuleyule. Alikuwa akimsahihisha kwa sauti ya chini, ili nisisikie. Mtoto aliruka aya mbili na mimi sikusikia kitu."

Nikataka kusema ni uzee tu, kila mtu hutokewa. Aliona mdomo wangu ukifunguka, akainua kidole.

"Mimi nikimwachia mtoto kosa, atalibeba kichwani mpaka azeeke, atamfundisha mwanawe. Litaishi kuliko mimi. Naogopa jambo hilo kuliko kaburi. Na hakuna mtu wa kuniuliza. Alhamisi kwenye duara, kabla sijajua kama aya ninayo au sina, imeshaletwa mdomoni. Wananilisha. Nimewafundisha vizuri mno, hawaniachi nianguke, sasa sijui ardhi iko wapi. Damu yako nayo inakwenda Nairobi hairudi."

"Unataka nifanye nini, Maalim?"

"Nisikilize. Nifanyie kama nilivyokufanyia. Nikisimama, usinipe neno."

Akaanza. Alichagua sura ndefu, ile iliyonitesa mimi nikiwa msichana, na naamini aliichagua kwa makusudi. Sauti ilikuwa imepungua lakini ilikuwa nzuri bado, ilipanda na kushuka mahali pake, na kwa muda mrefu nilisahau kwa nini nimekuja. Nilikuwa mtoto tena, nina njaa, nasubiri adhana ya adhuhuri. Kisha akasimama.

Nilijua neno linalofuata. Lilikuwa ncha ya ulimi, lilikuwa likinisukuma meno. Yeye alitazama mabati, midomo ikichezacheza. Akarudi nyuma aya kadhaa kupata mbio, kama tulivyofanya sisi, akaja kwa kasi nzuri, akafika palepale, akasimama. Akarudi tena, mbali zaidi. Nje ya lango nilisikia mtu akikohoa, nikamwomba Mungu asiwe amesikia. Mara ya mwisho hakufika hata pale pa kwanza. Sijawahi kufanya jambo gumu kama kukaa kimya asubuhi hiyo. Machozi yalinitoka nikayaacha, kwa sababu nikiyafuta ningepumua, na nikipumua neno lingetoka.

Aliushusha mswaki juu ya goti.

"Haipo," alisema.

Hapo ndipo nilipofuta machozi.

"Ahsante. Jumamosi Maalim Mdogo akalie ile ngozi. Nitawaambia mwenyewe. Na daktari wako akija, wote watatoka nje kama walivyotoka leo, aandike anachokiona." Kisha akaongeza: "Nilidhani nikijua nitaumia zaidi."

Alinyoosha mkono. Nilifunga mpira, nikatafuta mshipa. Hakutazama darini wala hakusoma kitu, aliiangalia sindano ikiingia na damu ikipanda kwenye bomba, kwa makini, kama anayetazama mtu wa familia akiondoka safari. Nikaiweka kwenye barafu. Ilibidi nifike maabara haraka, damu ya kazi ile haipendi kungoja joto letu, na nilikuwa tayari nimesimama.

"Na wewe," aliuliza, "ile aya unayo?"

"Ninayo, Maalim."

"Isome, basi. Nisikie inakwendaje."

Nikakaa. Nikaisoma, ile aliyoikosa, na nikaona uso wake ukilegea, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nyumba yake ya zamani. Sikuishia hapo, nikaendelea, kwa kuwa ilikuja yenyewe na kwa kuwa sikutaka kuona tena ule uso ukikaza. Nilisoma aya inayofuata, na iliyoifuata, nikapata hata kiburi kidogo kwamba miaka yote hii bado ninayo.

Ubao wa kitanda ukagongwa. Mara moja.

Nilirudia kimoyomoyo nilichokisema na sikuona kosa lolote. Nikamwangalia. Mswaki ulikuwa umerudi mdomoni, ndevu za hina zikitingishika polepole, na macho yake yalikuwa kwenye lango lililofungwa kana kwamba anasubiri mgeni.

"Maalim," nilisema, "damu itaharibika."

"Itafute mwenyewe," alisema. "Imo humo."

Nikavua koti jeupe, nikalitandaza juu ya kisanduku cha barafu, nikarudi nyuma aya tatu.